Phoenix Kuukuu, Mbigili na Upepo: Kwenda Kazini kwa Baiskeli Dodoma

Kama unakaa Makole, Area C, Chang'ombe au Kikuyu na kazi yako iko katikati ya mji, safari yako ya asubuhi ni fupi kuliko muda unaoutumia kusubiri daladala ijae. Kwa baiskeli, bila papara, ni nusu saa au chini yake. Huhitaji gia ishirini na moja. Huhitaji nguo za kubana. Unahitaji baiskeli moja ya chuma iliyo salama, pampu, viraka, na kuijua tabia ya Dodoma. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi wakaishia kuifunga baiskeli kwenye mti wa uani.

Anza kwa kuipima njia. Toka Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, uende hadi mlangoni pa kazini na kurudi. Tazama saa. Angalia wapi lami inaishia, wapi kuna mchanga mzito, na fundi wa baiskeli yupi amekaa chini ya mti gani. Huyo fundi msalimie. Utamhitaji.

Mtumba nao? Mji wa Serikali uko kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Ukitokea Majengo, hiyo ni zaidi ya saa nzima kwenda na zaidi ya saa nzima kurudi, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, malori na mabasi yakikupita mgongoni. Wapo wanaoiweza. Sikushauri uanze nayo. Ukiwa Ihumwa au Nzuguni, hesabu ni nyingine, jaribu. Na kama unakwenda UDOM, kumbuka chuo kimekaa vilimani. Pale pa kupanda, shuka usukume. Hakuna anayekucheka ila asiye na baiskeli.

Sasa baiskeli yenyewe. Ushauri wangu ni ule ule ninaompa kila anayeniuliza: tafuta ya chuma, kuukuu, ya inchi 28. Phoenix ya Shanghai, Hero au Avon ya India, Raleigh ya Uingereza ukiipata, au hata Swala, ile baiskeli yetu iliyotengenezwa hapa nchini na kampuni ya umma ya NABICO. Ni nzito, kweli. Lakini gurudumu lake kubwa hupita juu ya mashimo ambayo gurudumu dogo lingetumbukia, fremu yake husamehe matuta, na vipuri vyake unavipata hadi kijijini. Karia yake nayo usiidharau. Shinyanga na Tabora karia kama hiyo imebeba abiria wa kulipa nauli kwa miaka mingi, na huko mpakani mwa Uganda na Kenya bodaboda za kwanza zilikuwa baiskeli, si pikipiki. Haishindwi na laptop yako.

Ukivaa sketi au gauni kila siku, tazama pia mtumba wa Japani: fremu iliyoinama katikati, kikapu mbele, mfuniko unaoficha cheni. Hupandi kwa kurusha mguu, na nguo hainaswi. Ubaya wake ni mmoja, nao ni tairi.

Hapa kwenye tairi nikae kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba. Zisome, ziandike kwenye simu, kabla hujakwenda dukani. Phoenix na ndugu zake huvaa 28 x 1½, na pembeni yake mara nyingi utaona 40-635. Hiyo 635 ndiyo ya kushika: ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Baiskeli nyingi za mtumba za Ulaya huandikwa 700C. Wauzaji nazo huziita 28, lakini kipimo chake ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na tairi haliingii hata umwite nani. Kwa inchi 26 mtego ni ule ule. Baiskeli ya milimani ni 559, ile ya Kijapani yenye kikapu mara nyingi ni 590, yaani 26 x 1⅜. Zote mbili zinaitwa "ishirini na sita" dukani.

Mimi nilijifunza kwa miguu. Nilinunua tairi la "28" nikiwa na haraka, nikalifunga kwenye karia, nikafika kwa fundi. Akalivuta mara mbili, akaliweka chini, akaniambia, "Kaka, hili ni la baiskeli nyingine." Duka lilikuwa limeshafungwa. Kutoka pale hadi Kisasa nilisukuma.

Ukienda kununua baiskeli ya zamani, iwe kwa jirani au kwenye mnada kama ule wa Msalato, usidanganywe na rangi mpya. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, kisha lishike juu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, gololi zimelika au nati zimelegea. Hilo hurekebishika. Gonga spoki moja moja kwa kucha, usikilize: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu tu. Nazo hurekebishika. Kisichorekebishika kirahisi ni shingo ya fremu, pale usukani unapopita. Pitisha kidole chini yake. Ukikuta ufa, au alama ya kuchomelewa iliyofichwa na rangi, mshukuru mwenye mali uende zako.

Halafu ipande. Kanyaga kwa nguvu. Ukisikia "tak" moja kila mzunguko wa pedali, kota pini imelegea. Hiyo ni pini ya chuma inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli. Ni kipuri cha bei ndogo, ila ukiendelea nayo hivyo hivyo itakula mkono wenyewe. Wengi hukosea kwa kukaza nati tu. Nati haivuti pini. Pini hugongwa kwanza iingie sawasawa, ndipo nati inakazwa kuishikilia. Ukinunua mpya, nenda na ile ya zamani mfukoni iwe kipimo.

Mkishakubaliana bei, andikishana. Jina la muuzaji, namba ya fremu, tarehe, shahidi mmoja, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Namba ya fremu huwa imegongwa chini ya kiti au chini ya pedali. Ifute vumbi, uipige picha. Siku baiskeli ikipotea, au siku mtu akidai ni yake, picha hiyo ndiyo wakili wako.

Kabla ya safari ya kwanza, panga kiti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukibaki umekunjika, pandisha kiti. Watu wengi hapa mjini huendesha magoti yakikaribia kidevu, kisha wanalaumu baiskeli kwa maumivu. Na ukitaka kubadilisha pedali, kumbuka ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia: unaizungusha kwa mwelekeo wa saa. Nimeona spana ikivunjwa kwa kutojua hilo.

Adui namba moja wa mwendesha baiskeli Dodoma hana magurudumu. Anaitwa mbigili. Ni ule mmea unaotambaa pembezoni mwa njia, una maua madogo ya njano, mbichi wakati wa mvua na hauna makuu. Mvua zikikatika unakauka, tunda lake linapasuka vipande vitano, na kila kipande kina miiba iliyokaa kiasi kwamba hata kianguke vipi, mmoja hutazama juu. Kuanzia Mei unangoja kwenye vumbi. Ukitoka kwenye lami kumpisha mtu, umekwisha.

Kwa hiyo usitoke kwenye njia iliyokanyagwa. Kwenye barabara ya vumbi fuata mkwaruzo wa matairi ya magari, usifuate ukingo wenye majani. Nyumbani, usiipitishe baiskeli kwenye uwanja usiofagiwa. Ibebe. Ni hatua kumi.

Pili, vika tairi nguo ya ndani. Chukua tyubu kuukuu, ipasue kwa urefu, kata kizibo chake, uilaze kati ya tairi na tyubu nzuri. Mafundi wengine hutumia tairi la zamani lililokatwa kingo. Baiskeli inaongezeka uzito kidogo, lakini mwiba mfupi wa mbigili haufiki. Mwiba wa mgunga ni mrefu, huo unafika. Hatuwezi kushinda kila kitu.

Tatu, jaza upepo. Tairi legelege hukusanya miiba na hukatwa na rimu kwenye shimo. Bonyeza kwa dole gumba kila asubuhi. Kwa Phoenix linatakiwa libonyee kidogo sana. Kama tyubu yako ni ya valvu ya kizamani, ile yenye kipira chembamba ndani, weka vipira viwili vya akiba kwenye pochi. Kipira kikioza, tairi hulala usiku mzima na utatafuta pancha isiyokuwepo.

Ukipata pancha njiani, huna haja ya kung'oa gurudumu la nyuma la Phoenix. Pindua baiskeli, toa ukingo mmoja wa tairi kwa vijiko viwili vya chuma, vuta tyubu nje, ipampu, isogeze karibu na mdomo. Ngozi ya mdomo huhisi upepo mdogo kuliko sikio. Usitumie bisibisi kutoa tairi, utatoboa pengine. Kwangua kwa msasa, paka solusheni, kisha ngoja. Hapa ndipo kila mtu anapoharakisha. Ngoja dakika tano, hadi gundi iache kung'aa, ndipo ubandike na kukandamiza. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi pote. Mwiba uliokutoboa bado upo humo. Usipoutoa, mtaonana tena mbele ya geti la kazini.

Sasa upepo wa angani. Kiangazi unatoka mashariki na kusini-mashariki, na kuanzia Julai hadi Oktoba unaweza kukusimamisha ukikanyaga. Tumia akili badala ya mapaja. Alfajiri kwa kawaida huwa mpole kuliko mchana, basi toka mapema. Ukiupata usoni, inama kidogo, punguza mwendo, kubali kuchelewa dakika kumi. Ukiwa unaelekea mashariki asubuhi, jifariji: jioni utakusukuma nyumbani bure. Chamchela likitokea mbele yako, simama, fumba macho, geuza mgongo. Halichukui dakika moja kupita. Miwani ya bei nafuu na kitambaa cha pua si mapambo Dodoma.

Jua lina hila yake. Ukielekea mashariki kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, linakupiga machoni. Wewe unaona vibaya, sawa. Lakini dereva anayekuja nyuma yako naye linampiga machoni, na huyo ndiye wa kuogopwa. Jioni, ukirudi magharibi, hali ni ile ile. Vaa shati jeupe au kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda, na bandika kiakisi chekundu kwenye madigadi ya nyuma. Nguo ya kahawia kwenye vumbi la kahawia ni kujificha.

Usiku washa taa. Dinamo ile ya kusugua tairi, iliyokuja na Phoenix, bado ni mali. Haitaki betri wala chaja. Udhaifu wake ni kwamba ukisimama, taa inazima. Kwa hiyo nyuma ongeza taa ndogo ya betri inayomweka. Kati ya taa ya mbele na ya nyuma, ukiweza kununua moja tu mwezi huu, nunua ya nyuma. Mbele utaona kwa taa za wengine. Nyuma huna macho.

Barabarani, kaa kushoto lakini usijibane ukingoni. Acha kama mita moja kati yako na magari yaliyoegeshwa, maana mlango hufunguliwa bila hodi. Ukikaribia daladala iliyosimama, usipite upande wake wa kushoto, abiria wanashuka. Kwenye kipilefti shika katikati ya njia yako, onyesha mkono, pita kama gari, kisha rudi kushoto. Ukijikunyata pembeni, gari litakukata likitoka. Kwenye matuta na rasta simama juu ya pedali, uache magoti yafanye kazi ya springi. Na reli ya zamani, iliyofika hapa enzi za Wajerumani, ivuke kwa kuikata moja kwa moja. Ukiivuka kwa mshazari, tairi huingia kwenye mfereji wa chuma na wewe unashukia puani.

Mchanga mzito wa makorongo una kanuni moja: usigeuze usukani, usishike breki, endelea kukanyaga. Rudisha uzito nyuma. Ukishindwa, shuka kabla haujakushusha.

Mvua zisikukatishe tamaa. Dodoma ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima hushuka kama milimita 550 hadi 600 tu. Zaidi ya nusu mwaka hutalowa hata tone. Lakini siku ikinyesha, mambo mawili. Rimu za chuma zikilowa, breki za Phoenix hukaribia kuwa salamu tu: utashika, baiskeli itaendelea. Anza kushika mapema, taratibu, maji yafutike kwanza. Na korongo lililokuwa kavu asubuhi likiwa na maji jioni, usilivuke, hata kama bodaboda amevuka. Zunguka, au ngoja.

Kuhusu jasho, tuna bahati ambayo wenzetu wa Dar es Salaam hawana. Hewa yetu ni kavu, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ni baridi. Juni na Julai utataka glavu. Endesha na fulana, beba shati kwenye begi, fika dakika kumi kabla, jifute, badilisha. Viatu vya ofisini viache ofisini. Suruali ifunge mguu wa kulia, upande wa cheni, kwa kipande cha tyubu kuukuu. Begi liweke kwenye karia, mgongo upumue. Karia hiyo inabeba karibu kila kitu isipokuwa zabibu. Usijaribu. Msimu ukifika utashawishika kununua ndoo pale barabarani, na utafika nyumbani na juisi.

Matunzo ni robo saa kila Jumamosi. Futa cheni kwa kitambaa kikavu. Ikiwa imeganda, isugue kwa mswaki na mafuta ya taa, iache ikauke. Kisha tone moja moja la oili safi ya cherehani kwenye kila kiungo, zungusha pedali, na ufute tena inayobaki nje. Cheni inayochuruzika oili Dodoma inageuka msasa ndani ya siku mbili. Oili chafu ya gari iache huko huko gereji. Bonyeza cheni katikati: icheze sentimita moja hivi, isining'inie. Kagua raba za breki, kaza nati za magurudumu, basi. Mara moja kwa mwaka, mvua zikiisha, mpelekee fundi afungue gololi zote, azioshe, aweke grisi mpya. Umwone akifanya. Ukishaona mara mbili, ya tatu utafanya mwenyewe, na hapo ndipo ugonjwa wa vyombo vya kale unapoanza: utajikuta unatafuta kengele halisi ya Phoenix kwa bei ya kiti kipya. Mimi siponi, sikuahidi kwamba wewe utapona.

Kufuli moja ya mnyororo mzito, ipite kwenye fremu na gurudumu, ifungwe kwenye kitu kisichong'oka. Kazini muombe mlinzi akuonyeshe mahali anapopaona akiwa amekaa. Sokoni Majengo iache kwa mama lishe unayekula kwake, ukimuaga kwa jina. Kufuli bora kuliko macho yake sijaiona.

Anza na siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine panda daladala kama kawaida, na nauli uliyookoa iweke kwenye kopo. Hiyo ndiyo bajeti ya matairi. Usiku huu, kabla hujalala, toka nje ulibonyeze tairi la nyuma. Likibonyea, pampu sasa, maana saa kumi na mbili na nusu asubuhi hutakuwa na muda.